CEA ikishuka, nimepona? Maswali yenu kuhusu saratani ya puru

Puru ni kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana, sentimita 15 hivi kabla ya njia ya haja kubwa. Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: vipimo vinavyotabiri uvimbe utakwendaje na dawa ipi itaufaa.

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, natoa damu chooni mwezi wa tatu sasa. Nimepimwa CEA ikatoka 2.8, nikaambiwa sina kansa. Nitulie? (Morogoro)

Marahaba. Usitulie. CEA ni protini ambayo baadhi ya uvimbe wa utumbo huimwaga kwenye damu. Phil Gold na Samuel Freedman waliigundua Montreal, Kanada, mwaka 1965, na watu wakatumaini kwamba sasa saratani itakamatwa mapema. Haikuwa hivyo. Uvimbe mdogo mara nyingi hauipandishi, na upo mkubwa usioitoa kabisa. Mvuta sigara naye anaweza kuvuka 5, mpaka wa kawaida wa CEA, bila saratani yoyote. Damu yako inataka kidole cha daktari na kipimo cha kamera. Dawa ya bawasiri isiandikwe kabla hujaguswa, maana wengi wamepoteza miezi hivyo.

Assalaam aleikum. Babangu kapasuliwa siku kumi zilizopita. CEA ilikuwa 38, sasa ni 11. Uvimbe umebaki? (Mombasa)

Waaleikum salaam. Ni mapema mno kusema. CEA iliyokwisha kuingia kwenye damu huisha polepole, ndiyo maana hupimwa tena baada ya wiki 4 hadi 6. Ikishuka chini ya 5 na kukaa huko, ni dalili njema. Ikigoma kushuka, daktari ataanza kutafuta kwingine, hasa kwenye ini na mapafu.

Kazi inayoipa CEA heshima ni hii ya kufuatilia: kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Tumieni maabara ileile, kwa sababu mashine hazisomi sawa. Na namba ikipanda kidogo mara moja, irudieni kabla ya kuita ukoo mzima.

Eti Marekani wagonjwa wote walipona puru bila kisu wala mionzi. Kweli, au ni habari za WhatsApp? (Mwanza)

Ni kweli, ila ujumbe unaozunguka umekatwa mkia. Juni 2022, hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilitangaza matokeo ya wagonjwa 12 waliotundikiwa dripu ya dawa iitwayo dostarlimabu kila wiki 3 kwa miezi 6. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Kufikia 2025 wenye saratani ya puru waliotibiwa hivyo walikuwa 49, na kwa wote ulitoweka.

Mkia uliokatwa ni kwamba walichaguliwa. Seli za uvimbe wao zilikuwa zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa DNA inaponakiliwa. Makosa yakirundikana, seli huonekana ngeni mbele ya kinga ya mwili, na dawa hii huiondolea kinga breki. Wenye uvimbe wa aina hiyo kwenye puru ni asilimia 5 hadi 10 tu. Kwa waliobaki, dawa hiyo peke yake haifui dafu.

Kujua uko upande gani hakuhitaji kukatwa tena. Kinyama cha kwanza kilichochukuliwa kwenye uvimbe wako huhifadhiwa kwenye nta katika maabara ya patholojia. Hukatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi ili kutafuta protini nne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Omba kipimo hiki kabla mionzi haijaanza. Hata kama bei ya dawa huiwezi, protini ikikosekana huenda ni ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, na ndugu zako watahitaji kamera mapema. Kama ningekuwa na hela ya kipimo kimoja tu cha kinyama, ningelipia hiki.

KRAS nayo? (Dodoma)

Ni jeni. Ikiwa imebadilika, kama ilivyo kwa wagonjwa takriban 4 kati ya 10, dawa za setuksimabu na panitumumabu hazitakusaidia. Lakini dawa hizo hutumika saratani ikishasambaa. Kama yako bado iko kwenye puru, kipimo hiki kinaweza kusubiri.

Kipo kipimo cha kuniambia mapema kama mionzi itaumaliza uvimbe wangu? (Nakuru)

Cha kutegemewa peke yake, bado. Baada ya mionzi na dawa za kemo, asilimia 15 hadi 20 ya wanaopasuliwa hukutwa hawana tena seli ya saratani pale. CEA kubwa mwanzoni hupunguza matumaini hayo, lakini haiyafuti. Tunaamua baadaye kwa kidole, kamera na MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku.

Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazili, alionyesha mwaka 2004 kwamba ambaye uvimbe wake umetoweka anaweza kuchungwa bila kupasuliwa. Kuchungwa huko si kwenda kupumzika nyumbani. Kwa mtu mmoja kati ya wanne hivi uvimbe hurudi, aghalabu ndani ya miaka 2, na lazima ukutwe ungali mdogo. Kama MRI ya karibu nawe ni safari ya basi la usiku, mwambie daktari wako kabla hamjachagua njia hiyo.