Gasketi ya shaba inazuia moto, maji je?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina mashine ya kusaga niliyoachiwa na marehemu baba, inaendeshwa na injini ya dizeli ya Lister silinda moja, ile ya flaiwili mbili kubwa inayopozwa na maji ya kwenye pipa. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda, iliungua, madukani nikakosa saizi yake, fundi wa hapa akanikatia ya shaba tupu akaifunga kavu kavu. Nguvu ipo, ila maji yanavuja pale hedi inapokalia silinda na jana nacheki oili nakuta imekuwa kama chai ya maziwa. Shaba inafaa kweli? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza usiiwashe tena hiyo injini, hata kwa debe moja la jirani. Oili yenye maji hailindi beringi, na maji yakijaa juu ya pistoni hayabonyei, ukizungusha hendeli kwa nguvu konrodi, ule mkono unaosukuma pistoni, inapinda, hapo tutakuwa hatuongelei gasketi tena.

Sasa shaba. Fundi wako hajakosea kuichagua, kakosea kuifunga kavu. Shaba inazuia moto vizuri mno, mpaka iyeyuke ni nyuzi joto 1085 za Selsiasi, ndo maana nguvu imerudi, ila maji ni habari nyingine. Gasketi ya kawaida ina nyama laini inayojaza kila mkwaruzo wa chuma, shaba haina hiyo nyama, kwa hiyo mkwaruzo mdogo tu pembeni ya tundu la maji tayari ni njia. Injini za magari ya mashindano ya Top Fuel kule Marekani zinafungwa gasketi za shaba, lakini bloku zao hazina hata tundu moja la maji. Watu wakisikia shaba ni ya mashindano wanadhani inaweza kila kitu.

Fungua, ila gasketi usiitupe. Shaba ikishabanwa inakuwa ngumu, na hata bati jipya mara nyingi linakuja gumu, kwa hiyo lazima uichome. Itundike kwa waya, fanyia kivulini maana juani rangi huioni, pitisha moto wa gesi taratibu mpaka yote iwe nyekundu ya giza, sio ile ya kung'aa, afu itumbukize kwenye ndoo ya maji. Usiogope, maji hayaifanyi shaba kuwa ngumu kama yanavyofanya kisu, na lile ganda jeusi linapukutika lenyewe. Ukiinyanyua sasa utaona inataka kuinama, ilaze kati ya mbao mbili uinyooshe, toa na vile vimeno vilivyobaki kwenye matundu ilipokatwa. Mi niliwahi kurudishia ya zamani bila kuichoma kwenye mashine ya mama mmoja, siku ya tatu maji yakaanza kutoka na foleni ya watu na mahindi yao iko nje, tangu hapo sifungi shaba ambayo sijaichoma mwenyewe.

Hedi na silinda visafishe mpaka chuma kionekane, weka rula ya chuma iliyonyooka, fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.05 mm ikipita chini yake peleka wakaisawazishe. Na kama mabaki ya gasketi ya zamani ni shaba yenye nyuzi za kijivu katikati, hiyo inaweza kuwa asbestosi, ilowanishe kwanza ndo ukwangue, vumbi lake ni hatari sana kwa mapafu.

Unene usikadirie. Pima gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, sio mpya ya dukani, kwa sababu ile inabonyea na shaba haibonyei kiasi hicho. Ikiwa nene mno kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inashuka na asubuhi utazungusha hendeli mpaka uchoke, ikiwa nyembamba mno pistoni inaweza kugonga hedi.

Halafu ndo dawa yenyewe: silikoni ya kuvumilia joto, mstari mwembamba kuzunguka kila tundu la maji, juu na chini, mbali na sehemu ya moto. Ikizidi inaingia kwenye njia za maji na kuziba. Kaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo kwa awamu tatu, iache ikauke kama tyubu inavyosema, weka oili mpya, washa ipate moto, izime ipoe kabisa afu rudia kukaza, shaba huwa inajilaza. Na kwenye pipa weka maji ya mvua badala ya kisima chenye chumvi, maana shaba na chuma vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi kinacholiwa ni chuma.

SWALI: Na mimi pikapu yangu ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, nifunge shaba? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Hapana kaka. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kila injini ikipata moto na kupoa hedi inasugua gasketi, na aluminiamu ikikaa na shaba kwenye maji inaliwa haraka kuliko hata chuma. Tafuta gasketi ya kiwanda ya namba ya injini yako, hata ikibidi kuagiza na kusubiri wiki mbili.