Injini ya boti ya tanga inapochemka: maswali na majibu

Boti yangu ina Yanmar 2GM20 ya zamani, ile inayopozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Mwendo wa chini haina neno, lakini nikifika mizunguko 2,500 kwa dakika kengele ya joto inalia. Impela (gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji) ni mpya. Nianzie wapi?

Anzia baharini, ufuate maji. Funga koki ya chini (ile inayoingiza maji ya bahari kwenye boti), chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, kisha ufungue koki kidogo. Maji yaruke kwa nguvu. Yakija kivivu, kuna kome au mwani kwenye koki, au chujio limeziba. Kagua na oringi (pete ya mpira) ya kifuniko cha chujio: ikikauka, pampu inavuta hewa na wala huoni tone likivuja.

Hapo pakiwa sawa, rudisha mpira, kisha chomoa ule unaopeleka maji kwenye elbo ya ekzosi (kiwiko ambapo maji huchanganyika na moshi), uelekeze kwenye ndoo na uwashe injini kwa nusu dakika, mwendo wa chini. Usizidishe, kwa sababu mpira wa ekzosi hauvumilii moshi mkavu. Maji yakijaa ndooni vizuri ilhali mpira ukiwa mahali pake nyuma ya boti yanatoka kidogo, elbo imeziba kwa masizi na chumvi. Huyu ndiye mshukiwa wetu wa kwanza kwenye injini kongwe. Ifungue umulike ndani kwa tochi. Ikiwa tundu limebaki la kupitisha kidole kidogo tu, nunua mpya pamoja na gasketi yake. Kuikwangua kunasaidia kwa muda, ila chuma cha ndani mara nyingi kimeshaliwa.

Ndooni nako yakiwa machache? Impela ya zamani ilitoka na mabawa yote? Bawa lililokatika husafiri na maji likanasa kwenye kona ya bomba au mlangoni mwa thamostati (vali inayofunguka maji yakipata joto). Litafute mpaka ulipate. Kagua pia kifuniko cha pampu: kikiwa na mikwaruzo mirefu, kisugue kwa msasa namba 400 juu ya kioo hadi kinyooke.

Njia yote ikiwa safi, basi kutu na chumvi vimejaa ndani ya bloku. Toa thamostati na zinki (kipande kinacholiwa na kutu badala ya injini), ziba matundu yake, kisha zungusha maji ya vuguvugu yenye gramu 100 za asidi ya sitriki kwa kila lita, kwa pampu ndogo, saa moja au mbili. Suuza kwa maji baridi mengi, urudishe thamostati na kufunga zinki mpya. Na kama injini haifiki mizunguko yake 3,600 hata ukikanyaga yote, tazama propela kabla ya kumwaga asidi. Ikiota viumbe, injini inabeba mzigo kupita kiasi.

Fundi amenitolea thamostati akasema huku kwetu joto, haihitajiki. Kweli?

Si kweli. Injini isiyopata joto lake hujaza masizi na kuchafua oili, na bila thamostati sehemu ya maji hupitia njia ya pembeni bila kugusa bloku. Rudisha ya aina yake, inayoanza kufunguka nyuzi 42. Usiweke ile ya modeli yenye kulanti (maji maalumu ya kupoza yanayozunguka ndani ya injini), inayofunguka nyuzi 71: maji ya bahari yakipata joto hilo huganda chumvi ndani ya injini.

Maji yanadondoka chini ya pampu, kwenye kitundu kidogo. Nikizibe?

Usikizibe kamwe. Kitundu hicho kiko kati ya sili ya maji na sili ya oili, ili maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye injini. Sili ya maji imekwisha. Badilisha zote mbili, na pitisha ukucha kwenye shafti: ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu.

Injini iligoma kuwaka, nikapiga stata muda mrefu. Sasa haizunguki kabisa.

Acha stata, utapinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Pampu iliendelea kuvuta maji bila moshi wa kuyasukuma nje, mafla (kasha la ekzosi la kupunguza kelele) ikajaa, yakarudi kwenye silinda. Funga koki, mwaga maji ya mafla, toa nozeli za dizeli, zungusha injini kwa mkono mpaka maji yaishe. Ukiona oili ina rangi ya maziwa, badilisha na filta yake, iwashe dakika chache, ubadilishe tena hadi ibaki safi. Fanya leo hii, kwani chumvi hula silinda haraka. Siku nyingine injini ikigoma, funga koki kwanza ndipo upige stata, na ifungue mara tu inapowaka.