Gari Linavuma? Zima Redio Kwanza

Mafundi wengi hapa Nakuru ukiwaambia gari linavuma, mkono unaenda moja kwa moja kwenye beringi, kile chuma kinachofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi. Huenda wana haki. Lakini kabla hujatoa pesa, shika barabara ya Kisumu, zima redio, pandisha vioo, usikilize.

Cha kusikiliza ni lami. Ikiwa na kokoto kubwa mvumo hupanda, ikiwa laini hushuka. Kelele inayobadilika hivyo ni ya tairi. Beringi haijali lami, hufuata mwendo na kona. Ukiteremka kutoka Kericho kuelekea Ahero kona hazikosi: ukikata kushoto, uzito hulalia kulia, na mvumo ukizidi hapo basi shuku beringi ya kulia.

Kwangu zilikuwa tairi za nyuma. Kwa macho zilikuwa nzima kabisa, meno yamejaa. Nilipopitisha kiganja kwenda mbele, laini. Kukirudisha, meno yakanikwaruza kama msumeno. Tairi likilika hivyo, ama alainimenti (mnyooko wa magurudumu) imeharibika ama shokabzoba zimechoka. Anza na chanzo hicho, la sivyo hata matairi mapya yatalika vilevile na kelele itarudi.

Kwenye matairi ya mitumba muuzaji atakuonyesha meno tu. Wewe tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukauka, na mpira mkavu una kelele hata ukiwa na meno.

Zile karatasi nzito za kuzuia sauti zinazobandikwa sakafuni zinasaidia, ila usitarajie makubwa kwenye Toyota Probox. Ni gari la mizigo; nyuma kote ni wazi, kwa hiyo sauti ya magurudumu inakufikia bila kizuizi. Mimi ningeanza na mipira ya milango. Funga mlango ukibana karatasi ya kawaida, kisha ivute. Ikitoka bila kugoma, hapo panapita upepo, na huenda hiyo ndiyo kelele unayoilaumia tairi.

Upepo wa tairi nao ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla ya safari. Ukipimia Ahero saa nane mchana tairi likiwa moto, kipimo kitasoma juu, utapunguziwa, na kesho yake utaendesha tairi lenye upepo pungufu.