Kompyuta inajiristati tangu uhamie Windows 11? Isome kwanza kabla hujaifuta

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, kazi zinazoletwa kwangu hapa Chake Chake zimebadilika. Zamani ilikuwa virusi na skrini zilizopasuka. Siku hizi mtu anaingia, anaweka mashine mezani na kusema: "Fundi, nimehamia Windows 11, na tokea siku ile inajizima na kuwaka yenyewe. Nirudishie ile ya zamani."

Huwa namwomba asubiri. Nimeshaona kompyuta zilizofutwa kila kitu, zikawekewa Windows 10 upya, na jioni ile ile zikaendelea kujiristati vile vile. Tatizo limebaki, mitihani ya skuli, hesabu za duka na picha za harusi ndizo zilizoondoka. Kwamba mambo mawili yameanza wiki moja haina maana kuwa moja limelizaa jingine. Na mashine yenyewe huwa imeshaandika kilichoisibu. Ni sisi tu ambao hatufungui tukasoma.

Kabla ya hapo kuna jambo moja la kufanya, na ukiacha mengine yote lifanye hili. Windows, ikipata hitilafu kubwa, imepangwa ijiristati hapo hapo. Ujumbe wa hitilafu unapita kwa kasi na wewe unaona giza tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, na uondoe tiki kwenye Automatically restart. Baada ya hapo itumie mashine kama kawaida. Ikisimama na kukuonyesha skrini ya buluu, au nyeusi kwa matoleo mapya, yenye jina la kosa, basi tatizo linahusu draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukiendesha kifaa), programu nyingine au kifaa fulani, na jina lile ulipige picha kwa simu. Ikizimika ghafla bila neno lolote kisha ikawaka, elekeza macho kwenye umeme na joto. Nusu ya kazi imeshakwisha, na hujagusa bisibisi.

Sasa fungua kumbukumbu za matukio, yaani daftari ambamo Windows huandika yaliyoipata. Kitufe cha Windows na R tena, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs halafu System. Utaona mistari mingi ya rangi nyekundu na njano. Usishtuke, hata kompyuta nzima kabisa inayo. Tafuta saa ambayo mashine ilijizima, na uangalie namba zilizo kwenye safu ya Event ID.

Namba 1074 ina maana kompyuta iliristatiwa kwa amri, na maelezo yake hutaja programu iliyotoa amri hiyo. Mara nyingi ni masasisho. Kwa mashine iliyohamia mfumo mpya hivi karibuni hili ni jambo la kawaida, kwa sababu masasisho hufuatana. Dawa yake ni ndogo: kwenye Settings, chini ya Windows Update, weka Active hours zilingane na saa zako za kazi. Mfumo unaruhusu hadi saa 18 kwa siku.

Namba 41, yenye jina la Kernel-Power, ndiyo inayowatia watu khofu. Wengi wakiiona wanasema pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, imekufa, wanakimbilia kununua nyingine. Namba hii inasema tu kwamba kompyuta imewaka bila ya kuzimwa kwa utaratibu. Hiyo unaijua tayari. Kilicho na faida kiko ndani: bofya tukio hilo, nenda Details, tafuta BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mfumo haukupata hata nafasi ya kuandika kosa, na hiyo kwa kawaida huelekeza kwenye umeme uliokatika, mashine iliyoganda kabisa, au joto. Ikiwa ni namba nyingine, kuna kosa lenye jina. 278 ni draiva ya skrini, 159 ni draiva iliyoshindwa kulala au kuamka, 26 huhusu RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi), na 292 ni kifaa chenyewe kulalamika.

Nitakaa zaidi kwenye ile sifuri, maana huku kwetu ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi, na ndiyo inayosingiziwa mfumo mpya kuliko zote.

Bibi mmoja mwenye duka la steshenari karibu na skuli aliniita. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa imehamishwa Windows 11 na mwanawe, na tangu hapo ikawa inajizima katikati ya kazi, hasa asubuhi wanafunzi wakijaa. "Mwanangu, hii mpya haitaki watu wengi," aliniambia, na yeye aliliona hilo kwa macho yake. Nikafungua kumbukumbu za matukio: 41 baada ya 41, na zote sifuri. Nikaketi kwenye kiti cha wateja nikaangalia. Alipokuja mtoto na daftari la kutolea kopi, mashine ya fotokopi ikaamka, taa ya dukani ikafifia kidogo, na kompyuta ikaristati.

Fotokopi na printa za leza zina sehemu ndani inayopashwa moto ili wino wa unga ushike karatasi, na kila zinapoamka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Ile fotokopi, kompyuta na feni vilikuwa kwenye ekstensheni moja nyembamba, iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na soketi ya ukutani ilikuwa imelegea. Umeme ulipovutwa, volti zikashuka kwa nukta ya sekunde, na pawasaplai kuukuu haikuweza kuhimili. Asubuhi kopi ni nyingi, na mashine ikawa inajizima asubuhi. Tulipouliza vizuri ikajulikana kuwa mwanawe, siku aliyoweka Windows 11, alisogeza meza na kuvipanga vifaa upya. Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Fotokopi ikapewa soketi yake, ile iliyolegea ikabadilishwa na fundi umeme, na kompyuta haikusumbua tena.

Pemba imeunganishwa na umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga tangu mwaka 2010, na anayekumbuka enzi za majenereta ya Wesha anajua tofauti yake. Lakini umeme unaofika mtaani na umeme unaofika kwenye ubao wa kompyuta yako ni vitu viwili. Katikati kuna nyaya za nyumba, soketi, ekstensheni, jokofu na pampu ya maji. Ukiona sifuri, andika saa mashine ilipojizima na kifaa gani kilikuwa kimewaka wakati huo. Chomeka kompyuta peke yake kwenye soketi nzuri ya ukutani. Ukiweza, azima UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika, iwe na betri nzima, uitumie kwa siku kadhaa. Tatizo likipotea, umelipata. Ila usichomeke printa ya leza wala fotokopi kwenye upande wa betri wa UPS, itaishinda.

Wenye laptopu wanaweza kudhani hili haliwahusu. Linawahusu wale ambao betri zimekufa. Laptopu isiyo na betri ni kompyuta ya mezani iliyokunjwa: umeme ukitikisika kidogo, inazima. Chaja isiyo yake, yenye nguvu ndogo kuliko inayotakiwa, huleta shida hiyo hiyo, na baada ya kuhamia mfumo mpya huonekana zaidi kwa sababu siku za mwanzo mashine hufanya kazi nyingi chini kwa chini: inapanga faili upya kwa ajili ya utafutaji, inapakua draiva, inakagua programu.

Kazi hizo hizo huongeza joto. Katika kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, chumba chenye bati bila dari kinatosha kuichokesha mashine hata kabla hujaiwasha. Ongeza vumbi lililoganda kwenye feni na hewa ya bahari inayokula vyuma. Kompyuta ikijizima baada ya muda fulani wa kazi nzito, na ukiigusa chini inaunguza, isafishwe feni na ibadilishwe pesti ya prosesa, ile dawa inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye chuma cha kupozea. Kwa mashine za mezani zilizokaa karibu na pwani, huwa pia natoa vipande vya RAM, nasafisha meno yake kwa spiriti safi, navirudisha vikae imara. Zima na uchomoe umeme kwanza. Ikiwa kosa la RAM limebaki, andika mdsched.exe ili Windows yenyewe iipime RAM.

Na ndiyo, zipo zile ambazo kosa kweli limekuja na uhamaji. Maalim mmoja alikuwa na laptopu iliyozima kila alipounganisha projekta darasani. Namba ilikuwa 278. Katika kuhama, mfumo ulikuwa umeiondoa draiva ya skrini ya watengenezaji wa laptopu na kuweka ya jumla. Ikionyesha skrini moja hakuna shida, ya pili inaishinda. Tulipakua draiva sahihi kwa namba kamili ya modeli kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, tukaiweka, kisha tukasasisha na BIOS, programu iliyo kwenye ubao wa kompyuta inayoiwasha kabla ya Windows. Hili la BIOS lifanye pale tu umeme unapoaminika na betri imejaa, kwa sababu ukikatika katikati ubao unaweza kufa. Usitumie zile programu zinazojinadi kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimekuta mashine nyingi zilizoharibiwa nazo. Kama tatizo limeanza baada ya draiva kusasishwa, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver, kijaribu kwanza hicho.

Pia angalia antivirusi ya zamani uliyohama nayo, hasa iliyokwisha leseni. Iondoe kabisa, ile iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa watu wengi. Ukishuku kuwa faili za mfumo zimeharibika, tuseme umeme ulikatika wakati wa kuhama, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi na uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza uandike sfc /scannow. Ile ya kwanza inahitaji intaneti, kwa hiyo hakikisha bando lipo.

Ukishafika hapa na bado namba zinaelekeza kwenye mfumo, rudi nyuma bila ya kuona haya. Lakini jua muda: ndani ya siku 10 tangu kuhama, Settings, System, Recovery ina kitufe cha Go back kinachokurudisha kwenye Windows 10 na faili zako zikiwapo. Baada ya siku hizo Windows huifuta folda ya Windows.old yenye mfumo wa zamani, na njia inayobaki ni kuweka upya kutoka mwanzo. Usiifute folda hiyo kwa mkono eti upate nafasi kabla hujaridhika na mashine. Kwa anayerudi, Microsoft imefungua mpango wa kuongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026; jiandikishe kupitia Windows Update. Na iwe unarudi au unabaki, nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke kabatini, ndipo uanze kugusa kitu kingine.