Ukitafuta wanyama wa ardhioevu, anza kwa kutazama miti

Wakazi wengi wa Nairobi wakitaka kuona wanyamapori huelekea mbuga ya taifa, na kinamasi hukiona kuwa makao ya mbu tu. Mimi hupendelea Ondiri, kinamasi cha Kikuyu ambako Mto Nairobi huanzia, pamoja na Karura, msitu wa hekta 1,041 uliozungukwa na mitaa yetu. Ushauri wangu ni kwamba usitazame maji bila kutazama miti iliyo jirani, kwa kuwa viumbe kadhaa hula huku na kulala kule.

Mfano bora ni korongo mwenye taji. Hutaga katikati ya matete, hutafuta wadudu na mbegu kwenye nyasi na mashamba, kisha jioni hupanda mtini kulala, kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu kiasi cha kushika tawi, uwezo ambao korongo wa maeneo mengine ya dunia hawana. Kumrudishia maji huku miti ikikatwa ni kumpa nusu ya makazi. Tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo ukiona wawili wakizunguka mahali pamoja kwenye matete, huenda wana kiota, nawe usiwasogelee kwa ajili ya picha ya simu. Azima darubini. Fundichuma naye huvua vyura kwenye maji ya kina kifupi, lakini kiota chake kikubwa cha vijiti hukijenga kwenye panda ya mti.

Ndani ya Karura, keti mahali pamoja ukingoni mwa mto badala ya kuzunguka njia zote, na ufike asubuhi na mapema kabla ya wakimbiaji kujaa. Kima watakujia wenyewe, hasa wakinusa ndizi. Usiwape chochote, maana aliyezoea kulishwa hupora. Mbega, walioanza kuhamishiwa humo kutoka Nyandarua mwaka 2014, hula majani zaidi na hushuka chini mara chache, basi inua macho.

Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, na huo ndio msimu ninaoupendekeza kwa mgeni. Ukifika Ondiri, usikanyage mkeka wa mimea hata ukionekana imara, kwa sababu unaelea juu ya maji. Simama kwenye ardhi ngumu kandokando.