Nywila moja, mifumo yote: maswali yenu kuhusu kuwajaribisha watumiaji

Chuo chetu kimeunganisha maktaba, masomo ya mtandaoni na malipo ya ada. Mwanafunzi anaandika nywila mara moja, kote anapita. Tujaribu na watu wangapi kabla ya kuzindua?

Watano kwa kila kundi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti, aliieneza hesabu hiyo mwaka 2000, ila ni watano wa aina moja: mwanafunzi mpya mwenye simu hafanani na mhadhiri wa kompyuta ya ofisini. Jaribuni watano, rekebisheni, kisha leteni watano wengine. Kumi kwa mkupuo watawaonyesha makosa yale yale.

Mshiriki wa kwanza aliulizwa nywila, wa pili akapita moja kwa moja. Tumekosea wapi?

Vidakuzi vya mwenzake, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, vimebaki. Mtu akiingia, maktaba inamkumbuka, na seva ya utambulisho, ile inayokagua nywila kwa niaba ya mifumo yote, nayo inamkumbuka kivyake. Kufunga kichupo hakufuti kumbukumbu hizo. Tumieni dirisha la faragha, na mtu akimaliza fungeni madirisha yote ya faragha. Likibaki hata moja, vidakuzi bado vipo.

Lakini msilipuuze tukio hilo, maana ndivyo itakavyokuwa kwenye kompyuta za pamoja, na hapo mtu anaona ada na matokeo ya mwenzake. Lifanyeni kazi ya jaribio: “Umemaliza kusoma, unamwachia mwenzako kompyuta. Fanya kama kawaida yako.” Mshiriki akibofya “Toka” maktaba na kuinuka, fungueni ukurasa wa ada mbele yake. Ukifunguka bila nywila, mmepata kosa la kurekebisha kwanza. Msimuulize “Umetoka?” Atajibu ndiyo, na kwa dhati.

Kabla ya ukurasa wa nywila, wengi wanakwama kwenye orodha ya kuchagua chuo.

Wanatafuta jina wanalolitamka kila siku, ninyi mmeandika jina rasmi. Kisanduku cha kutafuta kikubali kifupisho pia. Tena wakifika kwenye ukurasa wa nywila, anwani ya juu ya kivinjari imebadilika, kwa hiyo waangalifu wanadhani wametapeliwa na kurudi nyuma. Wekeni nembo ya huduma waliyotoka. Na mnapowapa kazi, semeni “Tafuta makala hii”, si “Ingia”, maana neno hilo limeandikwa kwenye kitufe na mtakuwa mmewaonyesha njia.

Nywila ni sahihi, bado hitilafu inatokea. Kwa nini?

Mara nyingi mtu amehifadhi alamisho ya ukurasa wa nywila badala ya ule wa huduma. Ombi la SAML, yaani ujumbe ambao huduma inautuma kwa seva ya utambulisho ili mtu athibitishwe, ni la safari moja. Likirudiwa kesho limeshapitwa na wakati. Ukurasa wa hitilafu umpe viungo vya huduma, si namba ya kosa peke yake.

Washiriki watumie akaunti zao?

Hapana. Tengenezeni za majaribio. Skrini ikirekodiwa, simu nyingi huonyesha kwa muda kila herufi ya nywila inayoandikwa.