Mama alipita juu yetu

Wiki hii mmeuliza: uwanja mdogo wa ndege una faida gani kwa mji mdogo? Mimi naishi Castlegar, British Columbia, mji wa watu elfu nane na ushee, pale mto Kootenay unapoingia Columbia. Uwanja tunao, mali ya mji wenyewe. Kwa jinsi safari zinavyokanseliwa majira ya baridi, wenyeji wameubatiza "Cancelgar".

Ya faida nitafika. Kwanza mama.

Alitoka Moshi mwezi wa Desemba, theluji anaijua ile ya Kibo tu, ya kutazama kwa mbali. Siku hiyo wingu lilikuwa limejilaza bondeni, milima pande zote, na rubani akishuka hadi kimo alichowekewa bila kuona njia ya kutulia, hana ruhusa ya kuendelea. Tulisimama nje na blanketi na chupa ya chai ya tangawizi. Tukaisikia! Mapangaboi yalinguruma juu ya vichwa vyetu kabisa, mwanangu akawa analipungia wingu mkono, "Bibi! Bibi!" Mngurumo ukaenda ukififia, ukaisha. Ndani wakatangaza kwamba ndege imerudi Vancouver.

Usiku mama akanipigia kwa simu ya binti wa Kikenya aliyemsikia akisali kwa Kiswahili. "Mwanangu, hivi nimefika Kanada au nimesharudi?"

Kesho yake akapandishwa ndege ya Kelowna, mji mwingine wa British Columbia. Nikamfuata kwa gari, karibu saa nne kwenda na nne kurudi, kupitia mlima wa Paulson wenye barafu. Chai ile ile aliinywa, baridi, akasema ni nzuri.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema uwanja ufungwe, fedha ziende kwenye barabara. Sasa nasita. Wingu si kosa la uwanja. Halafu misitu ikiwaka, ndege za kumwaga dawa ya kuzima moto huruka kutoka hapo hapo, na kiangazi kile cha moto mkubwa sikumsikia mtu akitania jina la Cancelgar. Hata mimi hupandia ndege hapo, ila na begi la mkononi tu, na bosi namuonya mapema.

Basi ubaki. Lakini mama akija tena namkatia tiketi ya Kelowna, labda iwe Juni. Agosti hapana, wingu linakuwa limeondoka ila moshi umeingia.